Tela la Macho Lilivyokataa Kukaa Sawa Makambako

Niliondoka Njombe kwa sababu ya jicho la mama yangu. Ndugu zangu wa Igwachanya wameniuliza mara nyingi ilikuwaje kule Makambako, na kila mara nimejibu nusu nusu. Sasa naiandika habari yote mara moja, ili aisome anayetaka.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. La kulia liliharibiwa na mtu mmoja aliyepita na sindano zake akijiita tabibu. Alilichoma, likatoka maji, likafa. Likabaki la kushoto, nalo lilikuwa limefunikwa na utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Lakini Bwana Daktari wa misheni alipolimulika kwa taa yake alisema, "Hili bado linaona nyuma ya pazia. Tukiliondoa pazia, mama ataona."

Daktari huyo alikuwa na tela. Lilikuwa nyumba ndogo ya mabati na mbao juu ya magurudumu mawili, mlango ubavu wa kushoto, na chini ya mlango ngazi ya chuma ya kukunja. Ndani mlikuwa na kitanda chembamba, taa, na kabati la visu. Lori lililivuta kwenda vijijini, na watu wakaliita tela la macho. Kazi yangu ilikuwa kulisimamisha sawa kila lilipofika mahali, kwa mawe na magogo chini ya pembe zake nne. Siku moja pale Njombe, mgonjwa akiwa amekwisha kulazwa, gogo moja lilipasuka. Tela likainama, na sinia ya visu ikateleza mpaka mlangoni. Mgonjwa hakuumia, maana Daktari alikuwa hajaanza kukata. Lakini alitoka nje amebadilika rangi.

"Sitatia kisu katika jicho la mtu ndani ya nyumba inayoyumba," akaniambia. "Nendeni Makambako, pale njia panda kuna duka la vyuma. Chagua vifaa vya kulisimamisha. Mimi nitakuja kesho yake. Nikikuta tela imara, nitaanza na mama yako. Nisipokuta imara, sifanyi. Na mwezi ukiisha nakwenda Ulaya, sijui atakayeshika nafasi yangu kama ni mtu wa macho."

Nilimwuliza kwa sauti ndogo kwa nini nichague mimi, na si dereva.

"Kwa sababu anayelala chini ya tela ni wewe," akasema, akaenda zake.

Asubuhi ya safari ukungu ulikuwa umelala juu ya Njombe kiasi cha kutoona miti ya miwati iliyo ng'ambo ya barabara. Dereva wetu aliitwa Sanga, Mkinga wa Ipelele, mtu wa maneno mengi. Nilimpandisha mama mbele, akakaa katikati yetu na kikapu chake cha viazi vya kuchemsha.

"Shikamoo mama," Sanga alisema. "Ninyi Wabena mna mambo. Safari ya kulala mara moja, viazi vya kulisha harusi."

"Marahaba, baba. Wewe Mkinga usivione vingi. Nikisinzia utaviuza njiani."

Sanga alicheka mpaka akachelewa kutia gea. Nilifurahi kusikia mama akitania, maana tangu lile jicho la kulia life alikuwa mtu wa kunyamaza.

Njiani, mbele kidogo ya mto wa kwanza, tulisimama lori lipoe. Ukungu ulikuwa bado mzito. Watu walitokea ndani yake mmoja mmoja, wanawake wenye mizigo ya kuni na wanaume wenye majembe, na kila aliyelifikia tela alishuka barabarani na kusimama pembeni. Wanaume walivua kofia. Sikuelewa, mpaka mwanamke mmoja aliponisogelea, akanisalimu kwa Kibena na kuniuliza kwa upole:

"Kamwene. Poleni sana. Mnakwenda kumzika wapi?"

Niligeuka nikaliangalia tela kama yeye alivyoliona: nyumba nyeupe isiyo na madirisha, imefungwa kufuli, inavutwa polepole katika ukungu. Sanga ndiye aliyejibu kwamba humo hamna maiti, ni tela la kutibia macho. Mwanamke alitikisa kichwa kwa heshima kama mtu asiyetaka kubishana na wafiwa, akaenda. Mama alikuwa amesikia yote. Aliufunga upande wa khanga yake mkononi, akaufungua, akaufunga tena.

Tulipofika Makambako ilikuwa mchana, na ukungu ulikuwa umetuachia. Mahali pale ni tambarare na pana upepo usiopumzika. Njia ya kwenda Mbeya, ya kwenda Iringa na ile yetu ya Njombe zinakutana hapo, na kando yake kuna maduka machache ya bati na malori yaliyofunikwa vumbi. Mama tulimwacha kwa Mama Kilasi, mjane anayewauzia madereva chai na ana chumba cha wageni. Mimi na Sanga tukaenda kwenye duka la vyuma.

Mwenye duka alikuwa Mhindi mnene mwenye miwani, Bwana Kanji. Nilisimama mbele ya meza yake muda mrefu nikitafuta pa kuanzia.

"Kijana, sema," akasema. "Unataka kuinua au unataka kusimamisha?"

Sikujua kama ni vitu viwili.

"Ni viwili kabisa," akasema, akatupeleka uani, ambako kulikuwa na magari mabovu. Alitoa jeki ya mafuta. Sanga aliipenda mara moja, kwa kuwa ukiitia pampu kidogo tu, mzigo unapanda wenyewe. Nikaomba tuijaribu. Tuliiweka chini ya ekseli ya lori bovu, nikalaza pimamaji la Bwana Kanji juu ya ekseli mpaka tone la hewa likakaa katikati ya mistari yake, kisha tukaenda kunywa chai. Tuliporudi tone lilikuwa limeuacha mstari. Mafuta yalikuwa yakirudi ndani taratibu bila mtu kuyagusa.

"Hii inainua," nikasema. "Haisimamishi."

"Sikiliza mtoto!" Sanga akasema. "Tangu tutoke Njombe hajasema maneno mengi hivi."

Bwana Kanji akaleta jeki za kusokota, za chuma kizito, zenye skrubu nene. Hizi ukizipandisha kwa nguvu ya mkono hubaki pale pale ulipoziacha. Ubaya wake ni kitako: kilikuwa chembamba, na kwenye udongo wetu kingezama kama kisigino. Nikatafuta uani mwake mbao nene za mninga zilizotoka kwenye bodi ya lori kuukuu, nikaomba azikate vipande vipana vya kuweka chini ya kila jeki. Nikachukua na kabari za kuzuia magurudumu. Mwisho nikachagua pimamaji la kwetu wenyewe. La kwanza nililipima juu ya meza, kisha nikaligeuza kichwa kuwa mkia, likasema maneno mengine, nikalirudisha. La pili lilisema neno lile lile pande zote mbili. Nikalichukua hilo.

Alasiri tulitafuta mahali pa kusimamisha tela. Karibu na nyumba ya Mama Kilasi ardhi ilikuwa na mteremko, lakini mbele kidogo palikuwa na uwanja sawa kabisa, majani mafupi, hapana jiwe wala kichuguu. Njia ya miguu ilitoka madukani ikaja imenyooka, ikafika ukingoni mwa uwanja ule, ikajikunja, ikauzunguka wote, kisha upande wa pili ikanyooka tena.

Hapa nataka wasomaji wangu wa nyumbani wanielewe. Kwetu hata mtoto mchunga mbuzi anajua kwamba watu hawachoki bure. Njia ikijikunja pasipo jiwe wala maji, ipo sababu, na mtu huuliza kwanza. Mimi niliiona njia ile. Nilikuwa na haraka ya mahali sawa, sikuuliza.

Tuliliingiza tela katikati. Nilisokota jeki nne, nikalaza pimamaji mbele, kwa upana wa tela, nalo tone likatulia katikati. Nikatia alama ya chaki kwenye kila skrubu, ili ikijizungusha nijue. Sanga alisema hajapata kuona tela lililokaa vizuri hivyo.

Jua lilipoanza kulegea, upepo wa Makambako ukakoma. Ulikoma mara moja, kama mlango uliofungwa. Ukungu mwembamba ukatambaa juu ya majani. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya tela nikifuta pimamaji kwa kitambaa, na mbele ya macho yangu tone likaanza kuondoka.

Asiyejua pimamaji afahamu hivi: tone la hewa hukimbilia upande ulio juu. Lilikuwa likikimbilia kulia. Maana yake kushoto, upande wa mlango, tela lilikuwa linashuka.

Nilizunguka nikaangalia jeki. Chaki ilikuwa pale pale. Nikatia vidole chini ya mbao za mninga, hazikuwa zimezama. Nikamwita Sanga.

"Umekosea kupima," akasema. Akapanda ngazini, akasimama. "Ona. Hivi ndivyo linavyofanya mtu akikaa hapa." Akaruka chini. "Sasa angalia, limerudi?"

Halikurudi.

Nikaitazama ngazi. Daraja la chini lina springi, mtu akilikanyaga hushuka kidogo. Sanga alikuwa amesimama mbali nalo, mikono kiunoni, na daraja lile lilikuwa chini. Tulilitazama wote wawili. Kisha likalia kidogo, kama linavyolia mtu anapoondoa mguu, likapanda. Na tone likarudi katikati.

Sanga hakutania. Alijipangusa mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na uchafu.

Mama Kilasi alikuwa anakuja kutuita chakula. Alisimama njiani, kwenye ile kona, akapaza sauti: "Ninyi! Nani amewaambia muweke nyumba hapo?"

"Hakuna aliyetuambia, mama," nikasema.

"Ndiyo ninayosema! Tokeni. Pitieni huku."

Hakuingia uwanjani hata hatua moja. Alitungoja ukingoni, na tulipomfikia alisema kwa sauti ya chini habari ya mahali pale. Palikuwa na nyumba ya mtu na wanawe. Baada ya vita vya Wajerumani ulikuja ugonjwa wa kifua, nyumba nzima ikalala. Walikufa mfululizo. Majirani walikuwa wagonjwa pia, hapakuwa na wa kuchimba makaburi, wakaliangusha paa juu yao na kufukia udongo.

"Lakini mmoja alikuwa bado anatembea," akasema. "Kijana. Alizunguka nyumba za watu akipiga hodi. Watu walikuwa wanaogopa ugonjwa. Walifunga milango."

"Ni kina nani waliofunga?" Sanga akauliza.

"Wazazi wetu. Mimi nilikuwa mtoto, nimekaa karibu na mafiga. Alisimama mlangoni kwetu muda mrefu. Baba alikuwa ameshika komeo. Tulisikia mbao zinalia alipoegemea." Akautazama mlango wa tela. "Asubuhi hakuwepo. Sasa mmeleta nyumba yenye mlango, mmeiweka juu ya yao. Mnategemea nini?"

Tulikula kwa Mama Kilasi. Mama yangu aliuliza tela linakaaje, nikamwambia limekaa vizuri, tutalisogeza kidogo tu. Sikutaka aogope, maana mtu aliyekwisha kuchomwa jicho moja akaliona linakufa, kumshawishi alaze kichwa mara ya pili si kazi ndogo. Alikuwa amekubali kwa ajili yangu. Akikataa sasa, Daktari angeondoka, na giza lile lingekuwa lake mpaka mwisho.

Asubuhi tuliliondoa tela uwanjani na kulisimamisha kwenye mteremko, kando ya ua wa Mama Kilasi. Sanga alisema ni wazimu kuacha mahali sawa na kwenda penye mteremko.

"Basi lirudishe," nikamwambia.

"Mimi?" akasema. "Mimi ni dereva tu, mdogo wangu."

Hapo ndipo nilipoona faida ya vitu nilivyochagua. Upande wa chini ilibidi kuinua sana, karibu skrubu yote, na kwa mawe na magogo tusingeweza. Niliugonga kila ubao wa mninga kwa nyundo mpaka ukalala bila kucheza, nikazisokota jeki kidogo hapa, kidogo pale, nikienda na kurudi kwenye pimamaji. Kabari zikashika magurudumu. Tone likatulia. Nilipanda ndani, nikatembea, nikaruka kidogo. Likatikisika na kurudi mahali pake. Udongo ule ulikuwa mgumu, wa kuaminika, ingawa haukuwa sawa. Kabla ya kushuka nilisimama mlangoni, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa karibu, nikasema polepole kwa upande wa uwanja, "Kamwene." Niliona haya, nikashuka haraka.

Mchana Bwana Daktari alifika na muuguzi wake. Hakuniuliza maneno mengi. Aliomba glasi, akaijaza maji mpaka ukingoni, akaiweka juu ya kitanda, akatembea ndani ya tela huku akiitazama. Haikumwagika.

"Mlete mama yako," akasema.

Nilimshika mama mkono mpaka kwenye ngazi. Alipapasa kwa mguu, akalipata daraja, akapanda. Mlangoni aligeuza uso kunitafuta.

"Utakuwa wapi?"

"Hapa nje, mama. Ninashika nyumba."

"Usiende kunywa chai."

"Siendi."

Mlango ukafungwa. Sanga alisimama karibu na lori, mimi mbele ya pimamaji. Ndani nilimsikia Daktari akisema kwa Kiswahili chake cha polepole: "Mama, sasa usikohoe, usiseme, usitingishe kichwa. Nikiwa nimefungua jicho, hata kidogo tu ni hatari. Nimekwisha anza." Baada ya hapo kukawa kimya kabisa.

Muda si mrefu upepo ukakoma.

Nilijua kabla ya kutazama. Majani yaliacha kucheza, bati la paa la Mama Kilasi likaacha kugonga, na ukungu ukapanda kutoka kule uwanjani, ukaivuka njia, ukaja juu ya mteremko kama maji yanayopanda kilima. Ukalifunika lori. Sanga nikawa namwona kama kivuli. Ngazi ya tela ilikuwa upande wa pili wa kona, siioni. Nikasikia daraja la chini likilia.

Tone likaanza kwenda kulia.

Lilikwenda taratibu, likaugusa mstari, likaupita kwa unene wa ukucha. Ndani, kisu kilikuwa ndani ya jicho la mama. Nilikuwa nimeshika chuma cha kusokotea jeki mkononi. Kama ningesokota, tela lingeshtuka. Jeki hazipandi bila kushtua, nami nilijua hivyo kuliko mtu yeyote. Kama nisingesokota, labda lingeendelea kushuka. Kama ningepiga kelele, mama angegeuza kichwa. Nilitazama tone mpaka macho yakaniuma.

Nikakiweka chuma chini juu ya majani. Nikazunguka kwenda ubavu wa kulia, mahali ambapo chuma cha chesisi, kinachobeba sakafu ya tela, kimejitokeza nje ya ukuta. Nikakishika kwa mikono miwili, nikageuka, nikaanza kukaa juu yake kidogo kidogo, kama mtu anayekalia kitanda cha mgonjwa aliyelala. Nilikipa uzito wangu wa miguu kwanza, kisha nyonga, kisha mgongo. Nikanyoosha shingo kutazama mbele. Tone lilikuwa linarudi. Liliingia kati ya mistari, likakaa.

Hivyo tukakaa. Mimi upande wangu, na upande wa mlango yule mwingine. Nilimhisi kama unavyomhisi mtu mliyebeba naye mti mrefu, kila mmoja na ncha yake. Hamwonani, lakini akivuta pumzi bega lako linajua. Alikuwa mwepesi kuliko mimi, na ilinibidi kuinua kisigino nisimzidi. Alipojisogeza, nilijisogeza. Mara moja nilisikia ubao wa mlango ukilia, kama mtu ameuegemea. Nilijua analotaka, kuna mlango na kuna watu ndani. Nilisema kwa sauti ambayo hata Sanga asingeisikia:

"Ndani kuna mgonjwa. Si kwamba wanakukatalia. Tusubiri wote."

Ubao uliacha kulia. Jasho lilinitiririka mgongoni na hewa ilikuwa baridi. Miguu ikafa ganzi. Sijui tulikaa muda gani.

Kisha nikasikia sauti ya Daktari, sauti nyingine, iliyolegea: "Tumemaliza. Funga bandeji." Muuguzi akasema kitu. Mlango ukafunguliwa kutoka ndani, ukasukumwa mpaka mwisho, na kwa kitambo hakuna aliyetoka. Mimi bado nilikuwa nimekaa. Ghafula ubavu wangu ukashuka, tela lote likaniinamia, kwa sababu upande wa pili hapakuwa tena na uzito. Nikasimama upesi nikaliachia. Upepo ukaanza, na bati la Mama Kilasi likagonga.

Daktari alitoka akanikuta nimeegemea ukuta wa tela. "Nyumba imekaa vizuri," akasema. "Mara moja nilihisi kama inataka kwenda, ikatulia. Ni nini?"

"Mbao zilipata unyevu, Bwana," Sanga alijibu upesi. Nilimtazama. Alikuwa amevua kofia, ameishika kifuani.

Siku zilizofuata mama alilala chumbani kwa Mama Kilasi, kichwa kati ya mifuko miwili ya mchanga, haruhusiwi kugeuka. Nilimlisha uji kwa kijiko. Daktari alitibu wengine, na mimi nikashika kazi yangu. Ukungu ulipanda mara moja tena, wakati wa mzee mmoja wa Lupembe, nikaenda kukaa ubavuni kwangu bila kuambiwa. Safari hii Mama Kilasi alitoka uani, akasimama hatua chache kutoka kwenye ngazi, akasema kwa Kibena maneno ya kumkaribisha mgeni, yote, tangu salamu hadi kumwonyesha pa kukaa. Alilia alipokuwa anayasema.

Siku ya kufungua bandeji mama alikaa kwenye kigoda, akiwa ameukamata mkono wangu. Daktari alizungusha kitambaa taratibu, akaondoa pamba, akasema, "Fungua polepole." Mama alifumbua. Jicho lilikuwa jekundu, linatoa machozi, lakini katikati yake palikuwa peusi, safi. Lilihangaika kwenye ukuta, kwenye dirisha, likaja usoni pangu likasimama. Aliniangalia mpaka nikainamisha uso.

"Umeota ndevu," akasema. "Na hukuniambia."

Bwana Daktari alicheka, akaenda dirishani akakaa huko kidogo ametupa mgongo.

Tuliporudi Njombe jua lilikuwa linawaka, na mama alitaja kila kitu tulichopita: mwati, ng'ombe, mwanamke mwenye kuni, moshi. Sanga alimsaidia kwa vile asivyovijua, na alimdanganya mara mbili, akatukanwa, akafurahi.

Sasa mama yuko nyumbani, anachambua maharage mwenyewe na anamwona kuku kabla kuku hajamwona yeye. Mimi bado niko na tela, chini ya Daktari mwingine. Wanaotengeneza matela kama letu hunijia kuuliza wanunue nini, nami huwaambia yale niliyojifunza. Chukueni jeki ya kusokota, achaneni na ya mafuta. Kitako kiwe kipana. Pimamaji ligeuzwe kabla ya kuaminiwa. Ardhi ngumu yenye mteremko ni bora kuliko iliyo sawa usiyojua chini yake kuna nini. Na kama kazi imekwisha kuanza ndani, upepo ukakoma na tone likaanza kuondoka, msisokote kitu. Nendeni upande wa pili mkae taratibu, na msishuke mpaka mwenzenu ashuke kwanza.